Siku Mbili Alizoomba Damari

Akina mama wenzangu, nanyi akina baba mnaopenda kusema hayo ni mambo ya wanawake, sogeeni niwaeleze habari ya nyumba moja huku kwetu mwambaoni mwa Ziwa. Ni ya enzi za Wajerumani, mwaka wa pili wa vita vyao na Waingereza. Si habari ya kuchekesha, na mwenye mtoto mgonjwa nyumbani asiisikilize nusu nusu akaondoka. Aisikilize yote.

Asubuhi moja, masika yakielekea mwishoni, Anyisile alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akimenya ndizi. Milima ya nyuma ya Matema ilikuwa imejifunika ukungu, na Ziwa limetulia kana kwamba halijawahi kumdhuru mtu. Hatua chache kutoka pale, mbele ya kibanda chake, Bibi Damari alikuwa akifinyanga. Alikuwa na kigae cha mtungi uliovunjika, bonge la udongo juu yake, kipande cha kibuyu cha kulainishia, na vidole vyake kumi. Pembeni mwake alichuchumaa Asegelile, mtoto pekee wa Anyisile, msichana wa miaka sita, amepakaa udongo hadi kwenye nyusi.

"Bibi, chungu changu kimeisha. Tukichome."

"Bado."

"Hata jana ulisema bado."

"Na kesho nitasema bado. Hebu kiguse hapo kitakoni. Unasikia nini?"

"Baridi."

"Basi kina maji ndani. Ukikitia motoni na maji yake kitapasuka, na kitapasua vyungu vya wenzake. Kiache kivulini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka chenyewe kiache baridi."

"Bibi, wewe uko pole pole kama konokono!"

"Sawa. Lakini umewahi kumwona konokono aliyepasuka motoni?"

"Nimemwona! Baba mkubwa Lazaro alimtupa jikoni, akalia paa!"

Anyisile alicheka hadi ndizi ikamponyoka mkononi. Kicheko hicho alikuja kukikumbuka, maana hakucheka tena hivyo maisha yake yote.

Huyu Damari hakuwa Mnyakyusa. Alikuwa Mkisi wa upande wa Ikombe, mjane, aliyezaa watoto wanne na kuwazika wote wanne. Alikuja kukaa kitongojini pale pamoja na Wakristo wa kwanza, akiishi kwa vyungu vyake. Ndiye aliyemfundisha Anyisile kuomba. Anyisile alikaa miaka minane katika ndoa bila mtoto, akisemwa kisimani na kusemwa shambani, na miaka yote hiyo Damari alikuwa akimwambia, "Mwanangu, Mungu hajakataa. Hajafika tu." Mtoto alipozaliwa, ni mikono ya Damari iliyompokea. Ndiye aliyesema aitwe Asegelile, yaani Mungu amekaribia.

Mumewe Anyisile, Ambilikile, hakuwapo. Serikali ilikuwa imemchukua akabebe mizigo ya askari upande wa Songwe, na mwezi wa tatu ulikuwa umeingia bila habari zake. Kwa hiyo nyumba ilibaki na mama, mtoto, na bibi wa jirani. Walikuwa wakila pamoja, wakisali pamoja. Palikuwa na amani pale.

Jumapili moja, baada ya ibada, Asegelile alikataa kula. Jioni akasema anasikia baridi. Anyisile alimfunika nguo zote mbili za nyumbani, lakini meno ya mtoto yaliendelea kugongana. Usiku baridi ikageuka moto. Asubuhi alimbeba mgongoni hadi kwa Mwalimu Yotamu, mwinjilisti aliyeangalia Wakristo wa pale.

"Ni homa, dada," alisema mwalimu. "Ilitakiwa kwinini, nayo imekwisha. Hata kule misheni chupa ni tupu. Tangu vita vianze, dawa zote ni za askari. Nimeshaandika barua kuomba. Mpe maji mara kwa mara, mpanguse mwili, na tumwombe Mungu. Ikipatikana nitaileta kwa miguu yangu mwenyewe."

"Lini, mwalimu?"

"Sijui. Mungu anajua."

Jibu hilo ndilo lililomshinda Anyisile. Angeambiwa mwezi mzima angevumilia, maana mwezi una mwisho. Lakini "sijui" alilibeba mgongoni pamoja na mtoto, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu.

Kila alfajiri Damari alikuja, akapiga magoti kando ya mkeka, akamshika mtoto mguu. Sala yake kwa Kyala, yaani Mungu, haikuwa na maneno mengi. "Kyala, huyu ni wako. Sisi tupo hapa. Hatuondoki." Kisha anabaki magotini muda mrefu, mpaka Anyisile anaona aibu kwa jinsi moyo wake mwenyewe ulivyokuwa ukirukaruka.

Jumatano Anyisile alimtengea mbalaga, ndizi zilizopikwa na maziwa, chakula alichokipenda bibi huyu kuliko vyote.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema Damari, yaani asante sana. "Leo sili."

Alhamisi akamtengea tena. "Leo pia sili. Mpe jirani mwenye watoto."

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

Na hakuongeza neno.

Siku hiyo hiyo ya Alhamisi, jua likiwa la utosi, moshi mzito ulipanda nyuma ya kibanda cha Damari, na baada ya muda watu wakasikia paa! paa! paa! Vyungu vilikuwa vinapasuka. Anyisile alitoka mbio. Alimkuta kikongwe amesimama mbele ya moto wa nyasi na kuni, uso umejaa majivu, na ndani ya moto mna vyungu ambavyo juzi tu alikuwa amevilainisha.

"Mama! Hivi si bado vibichi? Vyote vitapasuka!"

"Najua. Vitakavyopona vitanitosha."

"Vya nini? Una haraka gani?"

Damari alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akalimeza. "Rudi kwa mtoto, Anyisile. Usimwache peke yake."

Anyisile alirudi, lakini alirudi na kijiwe kidogo moyoni. Bibi huyu aliyemkatalia mtoto wake siku kumi nzima asichome chungu kimoja kidogo, leo anachoma rundo zima la vyungu vibichi. Na chakula hali. Kisimani wanawake nao walikuwa wameona moshi.

"Eti yule Mkisi wenu hali tena kwako?" mmoja aliuliza, akijifanya anaosha kibuyu.

"Hali."

"Tangu mtoto augue?"

"Tangu jana."

"Mmh. Na tumbo la mtu halikai tupu. Kama hali chako, anakula nini?"

Hawakusema zaidi, na hawakuwa na haja. Huku kwetu watu wa zamani waliamini kwamba mchawi hula jirani yake kwa siri huku amelala kitandani mwake, na akisha kula hivyo hahitaji ugali wa mtu. Anyisile alikuwa amebatizwa. Alikuwa ameyakana mambo hayo mbele ya kanisa zima. Lakini kijiwe kile kilikuwa kimepata wenzake.

Alasiri hiyo alipiga magoti, akaomba sala ambayo ningetamani kila mama aisikie ili asiirudie. Alisema, "Bwana, nilikungoja miaka minane nikiwa na tumbo tupu. Sasa sina nguvu ya kungoja tena. Nakupa mpaka Jumamosi. Jumamosi jua likizama na mtoto huyu hajaamka, nitajua hunisikii."

Jamani, mnaona? Kulia mbele za Mungu si kosa, hata kumlalamikia si kosa. Lakini kumwekea siku, na kumwambia ukipita hapo mimi nawe basi, huko ni kujitayarisha kwenda kwa mwingine. Na huyo mwingine hachelewi kuja.

Ijumaa Damari alichelewa kuja kusali, na alipokuja miguu yake ilikuwa na mchanga wa ziwani. Jumamosi mtoto alishikwa na degedege. Macho yalipanda juu, mikono ikakakamaa. Lilipomwachia alikuwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Anyisile alikaa akilitazama jua. Lilishuka, likagusa mabonde ya upande wa Kyela, likazama. Asegelile hakuamka.

Lazaro, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa ameketi mlangoni muda wote huo. Naye alikuwa Mkristo, wa kuja kanisani sikukuu za ng'ombe kuchinjwa.

"Shemeji," alisema, "umesali wiki nzima. Nimekuacha usali. Sasa niambie, amepona mtoto?"

Anyisile alimfunika mtoto upya.

"Homa ya Ziwa tunaijua, humshika mtu na kumwachia. Hii haiachii. Hii ni pumzi ya mtu, anamla mtoto. Na wewe mwenyewe unamjua mtu, ila unaona haya kumtaja."

"Shemeji, yule ndiye aliyempokea mtoto huyu."

"Ndiyo. Kawazika wanne wa kwake, kampokea wa kwako. Hesabu hiyo hujawahi kuifikiria?"

Maneno hayo yalimwingia Anyisile kama maji ya baridi shingoni.

"Mwenye mwafi yuko," Lazaro aliendelea kwa sauti ya chini. "Ameshuka toka milimani kwa kazi nyingine. Mwalimu Yotamu amekwenda Makwale kuongoza ibada, harudi hadi kesho jioni. Serikali iko mbali na vita vyake. Mkisi anakunywa, basi. Akitapika, ni msafi, tutamwomba radhi. Asipotapika, tumempata, na mtoto wako atafunguliwa hapo hapo."

Mwafi ni sumu ya gamba la mti, iliyosagwa na kutiwa maji. Ndiyo iliyokuwa hakimu ya wazee wetu. Misheni iliikataza, serikali ikaipiga marufuku, nayo ikaendelea kunywewa mafichoni.

Anyisile alimtazama mtoto. Akatazama mlango wa Damari.

"Fanyeni," alisema.

Alfajiri ya Jumapili walimtoa Damari kwenye kibanda chake wakampeleka ndani ya migomba, watu kama kumi na wawili. Alitembea polepole akishikilia migomba, na watu wakaambiana anajikokota kwa woga. Mwenye mwafi alikuwa ameshakoroga. Hakuna aliyesalimia. Damari mwenyewe ndiye aliyesalimia.

"Ugonile, Anyisile. Mtoto ameamkaje?"

"Unajua mwenyewe alivyoamka," Lazaro alidakia.

Walipomweleza kosa lake hakulia. Alisikiliza yote, habari ya chakula na habari ya moshi, kisha akasema, "Vyungu nilivichoma ili Mika aondoke navyo. Mika mpwa wangu mnamjua. Ijumaa alfajiri amekwenda Mwaya kwa mtumbwi. Kuna mwenye duka pale amesalia na kwinini, na haitoi ila kwa vyungu, maana wapagazi wa vita wanapita na hawana vya kupikia. Nilikuwa na vitatu vikavu. Alitaka kumi na viwili."

Watu walitazamana. Mmoja akacheka puani.

"Dawa ambayo mwalimu hakuipata, wewe Mkisi umeipata? Kwa vyungu?"

"Mbona hukusema?" mwingine akauliza.

"Ziwa ni Ziwa. Mtumbwi ungezama, mama huyu angekuwa amengoja bure. Nilitaka aione dawa kwanza, ndipo asikie habari yake." Kisha akawaacha wote akamgeukia Anyisile. "Mwanangu, nipe siku mbili. Leo na kesho. Mika asipotokea kesho jua likizama, mniletee hiki kibuyu nami nitakinywa bila kushikwa."

"Anataka kukimbia," alisema Lazaro.

"Kwa miguu hii?"

Wote walikuwa wakimtazama Anyisile, hata mwenye mwafi. Mwenye mtoto ndiye mwenye neno. Angesema "tungoje", wangengoja. Lazaro angenung'unika, angetema mate chini, lakini angengoja. Kutoka pale migombani Anyisile aliweza kuuona mlango wa nyumba yake, na nyuma ya mlango ule mtoto hakuwa ameamka.

"Mwanangu hana siku mbili," alisema.

"Anyisile. Unataka ninywe?"

"Kama huna kitu tumboni, mama, unaogopa nini?"

Neno hilo likiisha kutoka, hakuna mtu wa kulirudisha.

Damari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya mwisho. Alisema, "Kyala, huyu ni wako. Mimi pia ni wako." Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Walimketisha chini wakangoja. Mzee wa kanisa aligonga kengele ya ibada huko juu, na hakuna aliyekwenda. Jua lilipanda. Damari alijikunja, akasukwa, akajaribu, lakini hakikutoka kitu. Mara moja tu alifungua macho akasema, "Nisogezeni kivulini." Hakuna aliyesogea. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

"Mmeona wenyewe," Lazaro alisema. "Hakutapika."

Anyisile alikimbia nyumbani. Alikimbia kwa tumaini, jamani, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mtoto atafunguliwa hapo hapo. Alisukuma mlango, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Asegelile.

Moto ulikuwa ule ule.

Aliweka kiganja cha pili, kana kwamba cha kwanza kilikosea.

Mwalimu Yotamu alirudi jioni ile, akasikia, akaketi chini njiani kama mtoto. Jumatatu asubuhi walimzika Damari, watu wachache, wengi wakiwa wamejifungia. Wanawake wawili waliomwosha walisema hawajawahi kuona tumbo kavu namna ile. Mwalimu alisimama kaburini.

"Sina hotuba," alisema. "Nina jambo moja mnalopaswa kulijua. Jumatano mama huyu alikuja kwangu akaniambia, mwalimu, nimemwahidi Mungu sitatia chakula kinywani mpaka Asegelile ale. Akaniomba nisiseme, maana mfungo si wa kutangazwa. Leo nasema. Mlimpa sumu mtu aliyekaa siku nne hajala kitu. Mlitaka atapike nini?"

Anyisile alikuwa amesimama nyuma ya wote, kamfunga mtoto mgongoni, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Aliyekuwa akimwachia siku zote ndiye alikuwa akifukiwa.

Walikuwa hawajamaliza kuweka mawe juu ya kaburi walipomwona mtu akipanda kutoka Ziwani. Alikuwa Mika, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nguo zimelowa hadi kifuani, mkononi ana kifuko cha ngozi. Alikuwa akitabasamu tangu mbali.

"Mama mdogo yuko wapi?" aliita. "Mwambieni nimeipata! Upepo umenichelewesha nusu siku, lakini nimeipata!"

Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama udongo mpya. Mwalimu akamshika bega, akamwambia kwa maneno machache.

Mika alibaki amesimama, kifuko mkononi. Ziwa lilikuwa nyuma yake, hatua hamsini. Watu wote waliwaza jambo moja, kwamba atageuka akitupe majini, na hakuna mtu pale ambaye angekuwa na kinywa cha kumlaumu. Anyisile aliwaza hivyo pia. Alipiga magoti kwenye matope na mtoto mgongoni, akashindwa hata kuomba.

Mika alimwendea akasimama mbele yake.

"Aliniambia nimpe mtoto," alisema. "Nampa mtoto. Wewe sikupi kitu."

Akamwekea kifuko kwenye mkono mdogo uliokuwa unaning'inia mgongoni kwa mama. Kisha akaenda kuketi kaburini, na hakuongea na Anyisile tena mpaka mwaka ule ukaisha.

Homa ilimwachia Asegelile Jumatano. Alifungua macho, akaomba uji, akanywa nusu kibuyu. Ile ndiyo sala ya wiki nzima, imejibiwa. Anyisile ndiye aliyemshikia kibuyu.

"Bibi yuko wapi?" mtoto aliuliza. "Chungu changu kimeacha baridi?"

Lazaro alichukuliwa na askari, minyororo shingoni. Anyisile hakuchukuliwa, kwa kuwa watu walisema aliyeleta mwafi ni Lazaro. Alimwendea mwalimu akamwambia, "Andika na jina langu. Mama Damari aliniuliza mimi." Kanisa lilimtenga na meza ya Bwana, na alipokubaliwa tena aliendelea kukaa nyuma, karibu na mlango, bila kuambiwa na mtu. Ambilikile alirudi mwaka uliofuata, amekonda, bega moja limeshuka kwa mizigo. Alimkumbatia mtoto wake, akafungua kitambaa alichokuwa amekifunga kiunoni.

"Nimemletea mama Damari chumvi," alisema. "Mbona kibanda chake kimeanguka?"

Ikawa ni kazi ya Anyisile kumweleza.

Chungu kile kidogo chenye alama za vidole vya mtoto alikiweka juu ya kichanja, kivulini. Kilikauka, kikawa chepesi, chini kikaacha baridi kabisa. Miaka ilipita. Siku moja Asegelile, sasa msichana mkubwa ambaye Mika alikuwa akimfundisha jinsi shangazi zake Wakisi wanavyopanga moto, alikishusha akakigusa kitakoni.

"Mama, hiki kimekauka siku nyingi. Nikichome leo na vingine?"

Anyisile alikichukua akakirudisha pale pale.

"Bado," alisema. Alikuwa amegeukia ukuta, na binti yake hakumwuliza mpaka lini.

FUNZO

Ndugu zangu, Mungu alikuwa amekwisha jibu. Shikeni hilo kwanza. Siku ile Anyisile anamwekea Bwana mwisho wake, moto wa vyungu vya Damari ulikuwa haujazimika. Siku ile anasema hasikilizwi, mtumbwi ulikuwa majini. Mungu akichelewa machoni petu si kwamba ameketi. Sisi ndio hatuoni alikomtuma mtu wake, na mara nyingi mtu wake ni yule yule tunayemshuku.

Kungoja si kukunja mikono. Damari aliomba, akafunga, na akachoma vyungu. Mtoto akiwa na homa mpelekeni kwenye dawa siku hiyo hiyo, na ombeni mkiwa njiani. Lakini msitafute wa kumlaumu. Tuna vikongwe wangapi hadi leo wanaotazamwa vibaya kwa sababu wana macho mekundu, au wanaishi peke yao, au hawakula ugali wetu siku moja? Mama, ukiona woga unakuletea jina la mtu, ujue si Mungu aliyelileta.

Mtoto alipona, ndiyo. Angepona hata hivyo, na bibi yake angekuwa hapo kumpa uji. Tofauti yake ilikuwa siku mbili tu.

Mwenzako akikuomba siku mbili, mpe. Na Mungu asipokuambia ni siku ngapi, mpe zote ulizo nazo.